Jina la Kumi na Nne

Jumatatu ya kwanza baada ya harusi yake, Mwalimu Kanawi alifungua daftari la mahudhurio kama alivyolifungua kila asubuhi kwa miaka mitatu, akaanza kuita majina ya darasa la nane bila kuinua macho. Alipofika jina la kumi na nne akaliita kama alivyoyaita yale mengine.

"Labina."

Hakuna aliyeitika. Alipoinua kichwa akaona watoto wote wamefunika midomo kwa viganja. Wesli, mchekeshaji wa darasa, ambaye hata msibani hakukosa la kusema, alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Labina alikwishasimama. Alichukua daftari na kalamu, akainama kama mtu apitaye mbele ya wakubwa, akatoka kwa mlango wa nyuma na kushika njia ya kwao.

Ndipo Kanawi alipokumbuka. Jumamosi alikuwa amemwoa Gerolin, na Gerolin ni dada yake Labina, tumbo moja.

Wako watu ambao kwao shemeji ni wa kutaniwa, ukimwona kwa mbali unaanza kucheka kabla hajafika. Kijiji hiki cha Simbuk si hivyo. Simbuk shemeji ni sawa na mama mkwe: jina lake hulitaji, husemi naye moja kwa moja, mbele yake hupiti wima, huli naye uso kwa uso, na kumtania ni kumtukana. Mnakaa hivyo mpaka siku mume atakapowachinjia wakwe zake dume la nguruwe lililoota meno ya nje, ndipo mwiko huondoka, na nguruwe wa namna hiyo hakui kwa mwezi mmoja. Kanawi alikuwa mtu wa Manus, visiwani mbali. Wazee walimweleza yote hayo siku ya posa, naye akaitikia ndiyo, ndiyo, kama bwana harusi yeyote anayetaka kikao kiishe. Kichwani mwake kijiji kilikuwa kijiji na shule ilikuwa shule.

Jioni ile aliitwa kwa baba mkwe. Mzee Madau alikuwa ameketi barazani akitafuna popoo, ile kokwa inayogeuza mate kuwa mekundu, na nyuma yake ulitundikwa mkeka, upande wa pili wakiwa wanawake wa nyumba.

"Mkwe," alisema Mzee Madau, akatema pembeni. "Leo umemvua nguo mwanangu mbele ya wenzake."

"Nimekosa, baba. Ulimi uliteleza."

"Najua ulimi hauna mfupa. Lakini una mwenyewe."

Kanawi alisukuma mbele kuku aliyemleta, amefungwa miguu, pamoja na mfuko wa mchele. Mkeka ukatikisika. Waliokatazwa kusemezana katika nyumba ile walisema na mbwa, na mbwa wao aliitwa Sajini, jibwa la manjano lililojua kusinzia huku limefumbua macho.

"Sajini," ilisema sauti ya mama mkwe, "mwambie huyo mtu wako kuku huyu alikuwa anaumwa au alikuwa anafunga?"

Sajini alipiga mkia sakafuni mara moja. Kanawi akainamisha kichwa. Alitaka kucheka na hakuruhusiwa, akataka kujitetea, hilo nalo hakuruhusiwa.

"Tuyaache ya kuku," alisema Mzee Madau. "Mtihani ni Oktoba. Mwanangu asipochaguliwa kwenda sekondari mjini, mimi sina neno, kakao yangu ina kazi ya kutosha. Miaka sita walimu wameniambia mtoto huyu kichwa chake ni jiwe, nikakubali. Ni wewe uliyekuja hapa barazani ukaniapia kwamba ana akili. Sasa umeoa. Atasomeshwa na nani?"



*

Ukweli ni kwamba Labina hakuwa jiwe, na Kanawi alikuwa amegundua hivyo kwa bahati, njiani, kabla hajafikiria kuoa. Alimkuta akiuza popoo chini ya mwavuli uliochanika. Akaja mtu na noti kubwa, akachukua mafungu ya bei tatu tofauti, na yule binti akamrudishia chenji kabla hajamaliza kunyoosha mkono. Hakuhesabu kwa vidole, hakuandika. Huyu ndiye mtoto aliyepata sifuri ya hesabu wiki ileile.

"Wewe mzee wa kanisa," Kanawi alimwambia, maana Labina darasani alikaa kimya, mikono imekunjwa, kama mzee anayesubiri sadaka. "Kumbe hesabu unazijua, ila za shule ndizo huzitaki?"

Labina akamtazama. Watu walikuwa wamemgombeza, wamemhurumia, wamemwombea. Hakuna aliyekuwa amemtania.

"Za shule zimeandikwa," akasema. "Na wewe mtu wa visiwani, kwenu hakuna udongo, umejulia wapi bei ya popoo?"

Basi mlango ukafunguka hapo. Ilionekana kwamba herufi zilipokuwa nyingi mbele yake zilimchanganya, mstari wa juu ukaingiliana na wa chini, naye akaona haya, akanyamaza, na kimya chake kikaitwa ujinga. Kanawi alikata kipande cha boksi la biskuti, akatoboa kidirisha chembamba katikati, neno moja au mawili yaweze kuonekana, mengine yafichwe. Kila baada ya masomo alikaa naye benchi moja, yeye akisogeza kidirisha, binti akisoma. Akikwama, Kanawi hakumwambia jaribu tena. Alimtania. "Mzee wa kanisa amelala, sadaka imeibwa!" Labina angecheka, angerudisha tusi juu ya watu wa visiwani, na katika kucheka kule neno lingemtoka. Asipocheka, halikutoka. Vitabu vya chuo cha ualimu havikuwa na ukurasa wa jambo hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na katika kupeleka habari za maendeleo ya mtoto nyumbani kwao, Kanawi akamwona Gerolin. Kanawi alikuwa na miaka thelathini na mmoja, anakula peke yake kwenye nyumba ya walimu iliyovuja, akisikia vicheko vya nyumba za wenzake. Angeweza kungoja mtihani upite. Hakungoja.

*

Mwalimu Mkuu Bagita alimaliza jambo kwa dakika tano.

"Wewe chukua la sita. Mwalimu Nasela achukue la nane. Au unataka kila asubuhi uite majina mpaka la kumi na tatu, halafu uruke kama mtu aliyeona nyoka?"

Mwalimu Nasela hakuwa mwalimu mbaya. Wala tusimsingizie. Alifika kabla ya kengele, ubao wake ulikuwa safi, mwandiko umenyooka, madaftari aliyasahihisha nyumbani huku akikuna nazi. Hakupiga mtoto. Aliandika, akaeleza, akageuka, akauliza, "Mmeelewa?" Darasa likajibu, "Ndiyooo." Sauti ya mmoja asiyesema ndiyo haisikiki katika ndiyo ya arobaini.

Baina ya la sita na la nane palikuwa na ukuta wa mianzi iliyosukwa, mzee kuliko walimu wote. Kanawi aliketi upande wake akamsikiliza mwenzake. Hakusikia kicheko. Wiki ya pili, kupitia mianya, aliona kipande cha sare ya buluu kimeegemea ukuta, karibu na meza yake kabisa. Labina alikuwa amehamia benchi la mwisho, ukutani.

Kanawi aliwaza siku nzima. Nyumbani kwa wakwe alikula nyuma ya mkeka, wakasikiana, na hakuna aliyesema mila imevunjwa. Mianzi nayo si mkeka tu uliosimama?

Kesho yake akasogeza ubao wake mpaka ukutani na kuanza kuwafundisha watoto wa la sita kugawanya kwa sauti ya mnadani.

"Wesli mdogo! Una mafungu saba ya popoo, kila fungu lina nne, umeuza robo tatu. Umebaki na ngapi? Usiandike! Nani kasema uandike? Uza kwanza!"

Mdogo wake Wesli alitumbua macho, maana robo tatu hawajazifikia. Lakini upande wa pili, penye sare ya buluu, kidole kiligonga mwanzi mara saba.

Kanawi alisahau anachotaka kusema. Aligeuka ubaoni, akafuta pasipokuwa na kitu, hadi macho yalipomkauka.

Toka siku hiyo ikawa kazi. Asilimia, vipimo, sehemu, vyote vilipita ukutani kwa sauti kubwa, na jibu likarudi kwa kidole. Watoto wa la sita wakawa wanajua hesabu za kaka zao. Kusoma ndiko kulikokuwa shida. Alisoma vifungu vya Kiingereza polepole, neno kwa neno, akitumaini upande wa pili kidirisha mkononi mwa Labina kinamfuata. Lakini kidole hakiwezi kugonga "hili neno ni lipi?" Na yeye hakuweza kumwona amekwama wapi. Na kumtania hakuweza. Mianzi ilipitisha hesabu, haikupitisha uso wa mtu.

*

"Umekuwa kama mgeni humu," Gerolin alimwambia jioni moja. Alikuwa anamenya magimbi, hakuinua kichwa. "Unakula, unatazama ukuta. Unanijibu ndiyo kama watoto wa shule."

"Nimechoka tu."

"Hujachoka. Unahesabu siku za mtihani wa mdogo wangu." Kisu kikasimama. "Kabla sijaja, mlikuwa mnacheka pamoja. Nilikuwa nawasikia nikipita na kuni. Nikajisemea, mwanaume anayejua kumchekesha Labina, huyo ndiye. Sasa niambie. Unajuta kunioa?"

"Gerolin, hapana."

"Umejibu upesi mno."

Alitaka kumwambia kwamba alioa ili asiwe peke yake, na kwamba hakujua mtu anaweza kupata mke, baba, mama na mbwa siku moja, na bado kuna mtu mmoja anayemkosa kuliko alivyowakosa wote hao zamani. Lakini jambo kama hilo ukilitoa kinywani kwa mkeo, halirudi. Akamsaidia kumenya magimbi.

*

Wiki tatu kabla ya mtihani, wakati watoto wametoka nje, Mwalimu Nasela aliingia darasa la sita ameshika daftari la Labina.

"Mwalimu, nisaidie," alisema kwa utaratibu unaotisha. "Mimi jana nimefundisha eneo la duara. Huyu mtoto daftarini ana asilimia. Juzi nilifundisha ramani, yeye ana robo tatu za popoo. Hizi si zangu. Ni za nani?"

Kanawi aliweka chaki mezani.

"Nilidhani una sauti kubwa kwa sababu ya visiwani kwenu, mnaitana toka mtumbwi hadi mtumbwi. Nikavumilia. Kumbe unanifundishia darasa langu, humo humo ndani, mimi nimesimama mbele kama sanamu!"

"Samahani, dada. Mila imenifunga. Siwezi kusema naye. Nilidhani..."

"Mila imekufunga usiseme na yeye. Na mimi?" Alilibwaga daftari mezani. "Mimi nami shemeji yako? Mimi jina langu mwiko? Tunakunywa chai chombo kimoja kila siku! Ungeniambia, 'Nasela, mtoto huyu anasoma hivi na hivi, ukimwacha kimya anakufa,' mimi ningekataa? Mimi nimekaa wiki nane nikimwona mjinga. Umeniacha nimwone mjinga."

Kanawi alitafuta la kusema, akapata ukweli tu, nao haukuwa mzuri. Hakumwambia Nasela kwa sababu hakutaka. Kidirisha kilikuwa chake. Kicheko kile kilikuwa chake. Katika Simbuk nzima ndicho kitu pekee alichokuwa amekijenga mwenyewe, na alikificha kama mtu anavyoficha popoo kwenye mfuko ili asiwagawie wenzake.

"Nimekosa," alisema.

"Umekosa, ndiyo. Lakini si kwangu tu." Nasela alivuta kiti. "Haya, kaa. Nionyeshe hicho kidudu cha boksi la biskuti nilichokikuta daftarini mwake kinafanyaje kazi."

Akamwonyesha. Nasela alijifunza kwa dakika kumi. Jioni ile na kila jioni iliyofuata alikaa benchi moja na Labina, akisogeza kidirisha, na Kanawi nyuma ya mianzi akasikia sauti aliyokuwa hajaisikia toka harusi, ikisoma kwa kukwaruza, neno, neno, kimya, neno. Nasela hakujua kutania. Labina akikwama, alimwambia kwa upole, "Jaribu tena, mama." Kimya kikarefuka. Kanawi akaingiza mikono mfukoni, akazikunja ngumi, akaondoka.

Wiki tatu ni wiki tatu.

*

Matokeo yalikuja Desemba, karatasi ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua. Mwalimu Mkuu aliyabandika mlangoni. Hesabu: Labina alikuwa wa kwanza, Simbuk na shule zote nne za pwani ile. Kusoma: alishindwa. Si kwa mbali, lakini mtihani hauulizi umbali. Jina lake halikuwa kati ya kumi na mmoja wa kwenda sekondari.

Mzee Madau aliita watu wa nyumba mchana. Mkeka ulitundikwa. Kanawi aliketi upande wake na Gerolin akamwekea sahani, magimbi, mboga za majani katika tui na kipande kizuri cha samaki, akarudi upande wa pili. Walikula huku wakisikilizana wakitafuna.

"Nimeelezwa anaweza kurudia mwaka," Mzee Madau alisema mwishowe. "Nami sijakataa. Wa kwanza katika hesabu! Nimemwambia kila mtu aliyepita barabarani, wengine mara mbili. Lakini nauliza tena niliyouliza siku ile ya kuku. Atasomeshwa na nani? Mwalimu Nasela mwenyewe amekuja hapa, amelia. Anasema mkono wa kusogeza anao, lakini kuna kitu mtoto anakingoja, yeye hana."

Kanawi alitazama sahani. "Baba, kosa ni langu. Ningengoja ndipo nioe. Na nilipooa, ningemweleza Mwalimu Nasela. Sikufanya yote mawili."

Nyuma ya mkeka ikasikika sahani ya Gerolin ikisukumwa pembeni.

"Kosa halipeleki mtoto shule," Mzee Madau alisema, bila ukali, na hiyo ikauma zaidi.

Hapo mkeka ukatikisika chini, pale ambapo pua ya Sajini ilikuwa imetokeza. Ikasikika sauti. Kwanza ilikuwa ndogo, ya mtu anayepima kama maji ni ya moto.

"Sajini."

Kanawi akaacha kutafuna. Toka Jumatatu ile hakuwa amesikia neno moja la Labina lililoelekezwa kwake.

"Sajini, wewe unatembea sana. Umewahi kukutana na mtu wa visiwani? Nasikia huko kwao wanafuga nguruwe kwa maji ya chumvi. Ndiyo maana nguruwe wao wamekonda, wanafanana na kuku wao."

Mama mkwe akaguna kwa mshtuko. "We mtoto!"

"Mama, nasema na mbwa."

Mzee Madau alifungua kinywa, akakifunga, akatafuta chokaa ya kutafunia popoo mfukoni ingawa ilikuwa mbele yake. Kanawi aling'ata mkono wa shati. Kicheko kilimjaa kifuani, na nyuma ya kicheko kikaja kingine kisicho kicheko, vyote viwili vimezuiwa kwenye mlango mmoja, mabega yakamtetemeka.

"Unakohoa nini?" Gerolin aliuliza toka upande wa pili. Sauti yake nayo haikuwa imara.

"Mwiba wa samaki."

"Sajini," sauti ya Labina iliendelea, na sasa haikuwa na mzaha. "Ukimwona mtu huyo mwambie hivi. Mwalimu Nasela ni mzuri. Kidirisha anakijua. Nitarudia mwaka kwake, nitajaribu tena kila atakaponiambia nijaribu tena. Lakini mzee wa kanisa amelala, na hakuna wa kumwamsha. Mwambie kuna kinguruwe kimefungwa nyuma ya nyumba yake, nimekiona, mbavu zinahesabika, na hesabu mimi najua. Mwambie akinenepeshe. Mwambie afanye haraka."

Sajini alipiga mkia mara moja, akarudisha pua yake ndani.

Kanawi aliinuka. Alichukua sahani yake, alikuwa hajaila hata nusu, akaomba ruhusa kwa baba mkwe kwa kichwa, akateremka ngazi. Mvua ilikuwa nyepesi. Nyuma ya nyumba yake kinguruwe kilisimama kwenye tope, kimefungwa mguu kwa kamba, hakijafika hata magotini mwa mtu. Midomoni hakikuwa na dalili ya jino lolote la nje. Ingechukua miaka miwili. Labda zaidi.

Alichuchumaa, akamwaga yote mbele ya kinguruwe, magimbi, mboga na samaki, akafuta tui la mwisho kwa kidole na kukirambisha kidole hicho. Kisha akakaa pale pale mvuani, peke yake, akikiangalia kinavyokula.